Inkeri za Bibi

Gazeti letu hili likinifikia, jambo la kwanza nifanyalo ni kutazama habari za wanafunzi wa zamani. Huyu amekuwa wakili Kampala, yule ana duka la dawa Mbarara, mwingine amevuka bahari. Mimi niko kwetu Kisoro, na nilichokichukua shuleni, mbali na cheti changu, ni miche mitatu ya miiba. Habari yake ndiyo hii.

Waliosoma zamani zangu wataukumbuka ua ule nyuma ya nyumba ya mwalimu wetu wa sayansi. Aliyechelewa kuingia darasani alipewa panga akatumwa kwenda kuupunguza, akarudi mikono imechanwa kama mtu aliyepigana na paka. Mimi nilichelewa mara nyingi, kwa hiyo ua ule naujua kuliko wengi wenu. Mwalimu aliuita mmea ule blakiberi. Kwetu Bufumbira matunda ya jamaa hiyo twayaita inkeri, nayo huota yenyewe katika misitu ya Muhavura na Sabinyo. Hata gorila wa milima ile hula majani yake na matunda yake. (Ng'ambo ya mpaka, Rwanda, watu wa mjini siku hizi hulitumia jina hilo kwa stroberi, basi ukiagiza inkeri Kigali usishangae ukiletewa kitu kingine.) Lakini inkeri za msituni ni ndogo, na tena msitu wa Mgahinga ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1991, hauingii na kikapu chako ukachuma upendavyo. Zile za mwalimu zilikuwa nene, kama ncha ya kidole gumba, na utamu wake ulitufanya tuone adhabu ile si adhabu kamili.

Mwisho wa mwaka 2006, nilipomaliza kidato cha sita, nikamwomba mwalimu mche. Akacheka, akaniambia nitazame chini. Fito za mmea huu hurefuka hata zikainama, na ncha ikigusa udongo huingia na kuota mizizi. Ndiyo njia yake ya kutembea. Nikakata ncha tatu zilizokwisha kuota, nikazitia katika makopo yenye udongo, nikapanda nazo basi kutoka Kabale. Tulipita Muko, tukapanda msitu wa Echuya, tukashuka Kanaba, na mama mmoja aliyekaa karibu nami alinung'unika njia nzima kwa sababu ya miiba ile. Mwisho akaniuliza ni dawa ya nini. Nikamjibu kuwa ni chakula, akageuza uso dirishani.

Nyumbani nilizipanda kando ya ukuta wa mawe, nyuma ya jiko la bibi. Mnajua udongo wetu, ni wa volkano, mweusi na wenye mawe, lakini maji hayatuami, na mmea huu hauchukii kitu kama miguu kukaa majini. Mwaka 2007 wote fito ziliota ndefu, majani mazuri, bila ua hata moja. Baba mdogo akakasirika. Alitaka mahali pale pa viazi, na kwa haki alikuwa na hoja, maana shamba letu si kubwa. "Umetuletea miiba nyumbani," akaniambia, "kana kwamba mawe hayatutoshi." Sikuwa na la kumjibu, kwa kuwa mimi mwenyewe sikujua ya kwamba ufito wa mmea huu huishi miaka miwili tu: mwaka wa kwanza hukua, mwaka wa pili huzaa, kisha hufa, na mwenzake aliyechipuka kando yake hushika zamu. Adhabu zile zote za panga zilinifundisha kukata, hazikunifundisha kwa nini. Bibi ndiye aliyeokoa miche. Alisema mahali pale ni nyuma ya jiko lake, na mwenye kutaka kung'oa angoje afe yeye kwanza.

Bibi wakati ule alikuwa amekwisha pungukiwa na macho. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Alitambua mchana na usiku, na kivuli cha mtu mlangoni, basi. Hata hivyo alipika, alifua, na alimfunga kamba mbuzi wake asubuhi na kumrudisha jioni. Mbuzi yule alikuwa mali yake ya pekee.

Mwezi wa sita mwaka 2008 inkeri zikazaa. Kwanza maua meupe, kisha vifundo vya kijani, kisha vyekundu, kisha vyeusi, na zote hizo ziko pamoja juu ya ufito mmoja, hata usijue utazame ipi. Wakati huo mdogo wangu wa kike alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya ada ya muhula wa pili. Nikaenda mjini kwenye nyumba moja ya wageni, wanakolala watalii wajao kuona gorila, nikampa mpishi inkeri chache azionje. Akafumba macho, akasema, "Lete kilo kumi Ijumaa." Bei aliyoitaja, ukiizidisha mara kumi, ilitosha ada na karibu nauli. Nikarudi nyumbani nakimbia. Nikamwambia bibi asiwe na wasiwasi, ada imepatikana. Nilisema imepatikana, na matunda bado yako mtini!

Sasa nitawaeleza nilivyofanya, msifanye hivyo.

Alhamisi nilikawia mjini kwa shughuli nyingine, nikaanza kuchuma saa nane mchana, jua kali. Nilichukua ndoo kubwa. Zile nyeusi hazikufika hata kilo sita. Nikaanza kuchuma na zile nyekundu, nikiziweka chini, nyeusi juu. Nilikuwa na sababu yangu, nayo nilidhani ni elimu: ndizi hukatwa mbichi zikafukiwa zikaiva, embe hali kadhalika, basi inkeri nazo zitaiva ndani ya ndoo usiku ule ule. Bibi alikuja na bakuli lake akaanza kuchuma kwa kupapasa upande wa pili. Alikuwa akienda polepole mno. Anagusa moja, anaiacha. Anagusa nyingine, anaiacha. Ya tatu anaichukua. Nikamwambia, "Bibi, wewe kapumzike, huoni, utatuchelewesha." Nilimwambia maneno hayo kwa sauti kubwa, na watoto wa jirani wakasikia. Hakujibu, wala hakuondoka.

Usiku nikazimwagia maji ndoo nzima ili zing'ae. Bakuli la bibi sikuligusa. Alilifunika kwa jani la mgomba akaliweka sakafuni, penye baridi.

Asubuhi nilifika jikoni kwa mpishi. Akachukua sinia kubwa, akaimimina ndoo yangu juu yake. Kwanza yalitoka maji mekundu. Kisha zikatoka inkeri zilizopondeka, zimekuwa uji kwa uzito wa wenzao. Kisha zikatoka zile nyekundu za chini, ngumu vile vile kama nilivyozichuma, hazikubadilika hata kidogo. Akaziponda moja mdomoni, akatema. Hakunigombeza, na hilo lilinichoma zaidi. Akauliza, "Na hilo bakuli?" Akafunua jani. Zilikuwa kavu, nyeusi, kila moja imesimama peke yake. Akazipima, kilo moja na nusu, akanilipa hizo. Zile za ndoo akanirudishia.

Wiki ile bibi aliuza mbuzi wake. Mdogo wangu akarudi shuleni Jumatatu. Aliyemfungua mbuzi kamba na kumpeleka mnadani ni mimi, kwa sababu bibi hakuweza kuiona njia, na kila aliyetukuta njiani aliniuliza habari za biashara ya miiba.

Baada ya hapo ndipo nilipokaa chini nikajifunza. Kuna matunda ambayo yakikomaa, hata ukiyakata, huendelea kuiva. Ndizi, embe, parachichi, papai, hayo ni ya namna hiyo. Kuna mengine ambayo yakiachana na mti, kuiva kumekwisha, kilichobaki ni kuoza tu. Chungwa ni la namna hiyo, nanasi pia, na inkeri. Uliyoichuma nyekundu italala nyekundu. Kwa hiyo kazi yote iko katika kujua saa yake, na rangi haitoshi kukuambia. Inkeri nyeusi inayong'aa kama kiatu kilichopakwa rangi bado ina ukali. Ingoje siku mbili tatu, mng'ao upungue, chembe zake zifutuke. Nilimwomba bibi anifundishe. Akanishika mkono, akaniwekea vidole juu ya tunda moja. "Hii inang'ang'ania," akasema. Akanipeleka kwa jingine. "Na hii?" Nikaligusa, likaja lenyewe mkononi, na moyo wake mweupe ndani yake. Hapo yafaa niseme kwamba ukichuma rasiberi moyo hubaki mtini na tunda huwa tupu kama kofia. Inkeri huja na moyo wake. Ukilazimika kuvuta, umekosea.

Tangu hapo twachuma asubuhi, umande ukiisha kukauka na jua halijapata nguvu, maana tunda lililochumwa likiwa na joto huoza upesi, na lenye maji huota ukungu. Hatutumii ndoo. Twatumia sinia na vikapu vya chini, inkeri zisipite safu mbili au tatu, kina cha vidole vitatu hivi. Hatuzioshi hata zitakapoliwa. Kila siku ya pili au ya tatu sharti kuzipitia fito zote, na zilizoiva kupita kiasi au zilizooza kuzitoa vile vile, kwani zikibaki huita nyigu, na ukungu wake wa kijivu huwaambukiza jirani zao. Waingereza wa zamani walikuwa na neno lao, kwamba haifai kuzichuma baada ya sikukuu ya Malaika Mikaeli, tarehe 29 Septemba, kwa kuwa shetani huzitemea mate. Nadhani shetani huyo ni ukungu, kwani kwao majira hayo ni ya baridi na mvua. Kwetu hutema mate wakati wowote mvua inyeshapo.

Hata ukifanya hayo yote, inkeri mbichi si kitu cha kuweka. Katika chumba cha baridi cha Kisoro hukaa siku moja vizuri, ya pili kwa mashaka. Katika friji, siku mbili au tatu, pengine zaidi kidogo. Mwenye duka mmoja alinikopesha nafasi katika friji lake la kugandishia, nikafurahi, nikatandaza inkeri juu ya sinia hata zikawa ngumu kama mawe ya kokoto, ndipo nikazitia mifukoni. Ukizitia mfukoni kabla hazijaganda hushikamana zikawa tofali moja. Njia hiyo ni njema sana, zikikaa katika digrii 18 chini ya sifuri huweza kumaliza mwaka. Lakini umeme ulikatika siku mbili mfululizo. Nisiseme zaidi.

Ikabaki jamu, na hapo nikakosea tena, ila safari hii kosa langu lilikuwa la kisomo kabisa. Nilipata kitabu. Kikasema: inkeri kilo moja, sukari kilo moja, maji ya limau moja, chemsha hata kipimajoto kionyeshe digrii 105. Nikaazima kipimajoto. Nikachemsha. Digrii 97, digrii 98, moto unawaka, mimi nangoja 105. Bibi alikuwa amekaa mlangoni. Akasema, "Hiyo imeiva, nasikia sauti yake." Nikamwambia kitabu kinasema bado. Hata ilipofika 105 sufuria ilikuwa na kitu cheusi, kizito, na kilipopoa tulikivunja kwa kisu. Watoto wa jirani walikinyonya wiki nzima kama peremende, nao ndio pekee walioipongeza kazi ile.

Nyinyi mlio darasani mtakuwa mmekwisha kuona kosa. Tulifundishwa kuwa maji huchemka kwa digrii 100. Ni kweli, kwa mtu wa Mombasa. Kila upandapo mita 300 hivi, digrii moja hupungua. Kisoro iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na maji yetu huchemka kwa digrii 94 au pungufu kidogo. Jamu hushika digrii 4 au 5 juu ya mchemko wa maji ya mahali pale. Basi yetu hushika kwenye 98. Niliandika jibu hilo hilo katika mtihani wa fizikia, nikapata alama zote, na miaka miwili baadaye nikaunguza kilo nne za sukari. Siku hizi sitegemei kipimajoto peke yake. Naweka sahani mahali pa baridi, nadondosha tone la jamu juu yake, nangoja lipoe, nalisukuma kwa kidole. Likijikunja kama ngozi ya maziwa, naepua. Na ile sauti ya bibi nayo ni kweli. Mapovu hubadilika, huwa makubwa na mazito, na mlio wake ni wa uji, si wa maji tena.

Kinachoilinda jamu ni sukari, kwani huyashika maji yaliyomo hata ukungu usipate ya kunywa. Mtu akipunguza sukari ili apate faida, kama nilivyoshauriwa na rafiki zangu wengi, asishangae kukuta ndevu za kijivu juu ya jamu yake mwezi wa pili. Chupa za mdomo mpana twazichemsha, twatia jamu ingali moto, tukiacha nafasi ndogo juu, twafunga, kisha twazizamisha tena katika maji yanayochemka. Vitabu vya Marekani huwapa watu wa nchi za chini dakika 5, na sisi tulio juu ya futi 6,000 dakika 15, kwa sababu ile ile ya maji yasiyo na moto wa kutosha. Zikipoa, kifuniko hujivuta chini kwa mlio mdogo, tak. Bibi alikuwa akikaa karibu na meza akihesabu milio. Chupa isiyolia aliitaka iliwe kwanza.

Yule mpishi nilimrudia mwaka 2009, nikiwa na chupa mbili na sinia moja ya inkeri za asubuhi. Alizimimina juu ya sinia lake kama mara ya kwanza, na mimi nikatazama ukutani. Akachukua zote. Mwaka 2010, mwezi wa nane, nilinunua mbuzi jike mnadani, nikamleta nyumbani na kumpa bibi kamba mkononi. Alimpapasa mgongo, masikio, kiwele, akasema yule wa kwanza alikuwa mnene zaidi. Ni kweli, alikuwa mnene zaidi.

Ule mstari wa miche mitatu sasa wafika mwisho wa ukuta, na mwingine uko upande wa baba mdogo, aliyeniomba ncha mwenyewe mwaka 2012 akidai ni za kuzuia kuku. Mavuno yakiisha twakata fito zote zilizozaa, chini kabisa, maana hazizai tena na hukaribisha magonjwa, na zile mpya twazifunga kwenye nyaya mbili. Kazi hiyo bado huchana mikono kama zamani. Mdogo wangu ni muuguzi, naye ndiye aliyempeleka bibi kutolewa mtoto wa jicho mwaka 2014. Siku alipofunguliwa kitambaa jicho la kwanza alimtazama mdogo wangu, kisha mimi, akasema sikujua kuwa una ndevu.

Juma lile lile alitaka kutoka kwenda kwenye inkeri. Nikamfuata na sinia. Nilitaka kumwona azionavyo kwa mara ya kwanza, nyeusi na nyekundu. Alisimama akazitazama kitambo, akasema ni nzuri. Kisha akanyosha mkono kuchuma, na nilipomtazama usoni nikaona amefumba macho. Nikamwuliza, "Bibi, mbona wafumba?"

"Jua kali," akasema. Ilikuwa saa mbili asubuhi, na mawingu yalikuwa bado juu ya Muhavura.